Mwanamume, Mwanamke na Milango ya Riziki

Sifa njema zote zinamstahikia Mwenyezi Mungu, Mgawaji wa riziki, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu Waislamu, husemwa mara nyingi majumbani mwetu kwamba mwanamume ana jicho la biashara na mwanamke hana. Na wapo wasemao kinyume chake. Leo tunataka kulipima neno hili kwa mizani ya historia, katika Makka ya kale, kisha hapa petu Kahe na katika mlima ulio juu yetu.

Bibi Khadija binti Khuwaylid (R.A.) alikuwa mfanyabiashara mwenye mali nyingi kabla ya Utume. Hakusafiri na misafara. Aliajiri watu wa kumpelekea bidhaa zake Sham. Alipopata habari za ukweli wa kijana Muhammad (S.A.W.), alimkabidhi mali yake, akamfuatanisha na mtumishi wake Maysara, na safari ile ikaleta faida. Watu wa Makka walimjua kijana yule na wakamwita Al-Amin, lakini Bibi Khadija ndiye aliyetambua kwamba uaminifu ule ni mtaji. Mtu akaaye nyumbani na mali yake iko njiani, jambo la kwanza analolitafuta ni mtu asiyehini amana. Mahali alipokuwa ndipo palipomwonyesha.

Mambo ya Kilimanjaro ni hayo hayo. Kabla ya ukoloni, masoko ya Wachaga yalikuwa mikononi mwa wanawake. Wao ndio waliopeleka ndizi na nafaka, wakarudi na magadi na mahitaji mengine ya nyumba. Misafara ya pwani ilipofika, Mangi Rindi wa Moshi na wenziwe walijishughulisha na pembe za ndovu na, kwa masikitiko yetu, hata na biashara ya wanadamu. Wanawake waliona jambo jingine: wapagazi wale wana njaa. Wakawauzia chakula.

Kisha ikaja kahawa, iliyoletwa na wamisionari mwishoni mwa karne ya 19. Kihamba kilirithiwa na watoto wa kiume, basi mbuni nao ukawa mali ya baba. Reli ya kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911, na wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ikaunganishwa hapa Kahe na reli ya Voi. Hivyo kahawa ikapata njia mbili za kwendea baharini. Mwaka 1925 wakulima waliunda chama cha KNPA, na mwanzoni mwa miaka ya 1930 ikazaliwa KNCU. Wanaume wale walitambua nafasi kubwa: kuungana, kuuza pamoja, na kusubiri mti usiozaa ila baada ya miaka. Hatuidharau busara hiyo. Lakini ilikuwa busara ya mwenye ardhi, ambaye jina lake limeandikwa katika daftari la chama.

Mama naye alipalilia na kuchuma kahawa ile ile, ila chumo lililokuwa chini ya mkono wake ni ndizi, maziwa na mboga. Alishuka tambarare kulima mahindi na kukata majani ya ng'ombe, akapanda tena na mzigo kichwani. Katika njia hiyo alijua kilichoadimika chini na kilichozidi juu, na siku ya soko aliutumia ujuzi huo. Fedha za kahawa zilikuja kwa msimu. Zake zilikuja kidogo kidogo, lakini hazikukatika. Julai 1989 mapatano ya mataifa ya kugawana mauzo ya kahawa yalipovunjika, bei ikaanguka. Hapo nyumba nyingi zikategemea vile vilivyokuwa vikiitwa vijisenti vya akina mama.

Wataalamu wa zama hizi wamefika karibu na hapo. Mwaka 2007 Dawn DeTienne na Gaylen Chandler wa Marekani walichapisha utafiti uliodhihirisha kwamba wanaume na wanawake huzitambua nafasi za biashara kwa njia mbalimbali, kwa kuwa ujuzi walioukusanya maishani si mmoja. Lakini kwa upya wa fikra hakuna aliyemzidi mwenziwe.

Basi, ndugu zetu, tofauti ipo, na chanzo chake ni vile alivyokabidhiwa kila mmoja na njia anayoipita. Amfungiaye binti yake fungu la mirathi aliloandikiwa na Mola wake amemfumba jicho, kisha humlaumu kwamba haoni. Hata Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imempa mwanamke haki ya kumiliki ardhi sawa na mwanamume. Na mume achukuaye mtaji wa mkewe bila ya ridhaa yake, akidai kuwa cha mke ni cha mume, amedhulumu. Kwani Suratun-Nisaa, aya ya 32, inatufundisha kwamba kila mmoja, mwanamume na mwanamke, ana fungu katika alichokichuma. Posho ya nyumba ni juu ya mume, ijapokuwa mke ana mali.

Waume na wake na washauriane jioni, kila mmoja amweleze mwenziwe alichokiona mchana. Nanyi wanafunzi, waulizeni mama zenu habari za soko kama mnavyowauliza baba zenu habari za shamba.

Mwenyezi Mungu atujaalie chumo la halali na uadilifu majumbani mwetu. Amin.