Utungo wa Picha, Si Onyesho la Slaidi

Mwongozo nilioandika mwaka jana kwa mafundi wa studio ndogo ulirudi kutoka kwa mchapishaji neno moja likiwa limefutwa kila lilipotokea. Mimi niliandika "utungo wa picha". Mhariri akaweka "onyesho la slaidi la video", wala hakuniuliza. Nilipohoji nikajibiwa kwamba wataalamu wameshakaa kikaoni na suala limekwisha. Halijaisha.

Kitu chenyewe kila msomaji anakijua: picha mnato sitini za arusi au za marehemu zinapangwa kwenye kompyuta, zinawekewa muziki, zinatoka zikiwa video moja.

Tuanze na slaidi. Neno hilo limezaliwa na kioo. Waingereza waliliita hivyo kwa sababu kipande cha kioo chenye picha kilisukumwa kikateleza ndani ya taa ya kuonyeshea. Baadaye ikaja filamu ya milimita 35 iliyobanwa katika fremu ndogo, halafu mashine ya Kodak Carousel ya mwaka 1961, yenye sinia la duara la kubeba slaidi 80. Kodak iliacha kutengeneza mashine hizo mwaka 2004. Waingereza wamebaki na neno lao, na ni haki yao, maana waliishi na chombo kile. Kijana wetu anayehariri video leo hakuwahi kukitia machoni, nasi tunamrithisha jina la chombo kilichokwisha kufa.

Na "onyesho" je? Onyesho ni tendo: lina mahali, lina saa, lina watazamaji. Faili iliyolala ndani ya flashi haionyeshi kitu mpaka mtu aifungue. Mwalimu anayepitisha kurasa za PowerPoint mbele ya darasa anafanya onyesho la slaidi, na hapo sina ugomvi na mtu. Wako pia walioshika kuteleza kwenyewe wakatuletea "picha telezi". Telezi ni sakafu iliyomwagiwa maji. Picha iliyotulia machoni pa mtu sekunde tano haitelezi hata kidogo.

Sasa tuje kwenye utungo. Marehemu shangazi yangu alikuwa akitunga asumini kila alasiri. Aliketi ukumbini na ungo mapajani, maua yangali yamefumba, akapitisha sindano kwenye kikonyo cha kila ua. Lenye doa alilitupa, kubwa aliliweka katikati, na mara mbili tatu nilimwona akichomoa safu nzima na kuanza upya kwa sababu mpangilio haukumridhisha. Jioni maua yalifumbuka, koja likawa kitu kimoja. Hiyo ndiyo kazi ya fundi wa picha: kuchagua, kupanga, kupitisha uzi.

Kitenzi hiki, kutunga, kina ukoo mkubwa. Waganda wakisema kutunga wanamaanisha kushona. Wazulu nao hushona kwa neno hilohilo, wakilitamka thunga. Sisi tunatunga shanga, tunatunga samaki kwenye ukindu, tunatunga shairi, na anayetunga ni mtunzi, kama ajengaye alivyo mjenzi. Mpinzani wangu mmoja alisimama katika warsha akadai kwamba utungo ni mali ya ushairi. Amegeuza mambo. Ushairi ndio uliokopa kwa wenye uzi na sindano, kwa kuwa beti nazo hupangwa zikashikana, na deni hilo halimpi mshairi hati ya kumiliki neno.

Nimeulizwa pia kwa nini nisiseme "mtungo", ambalo ni neno la zamani la shanga na samaki. Mitaani limetiwa maana chafu nisiyotaka kuiandika hapa. Utungo limebaki safi, na wingi wake unakuja bila taabu: utungo, tungo, kama ukuta na kuta.

Matumizi ni mepesi. Fungua programu, iwe Shotcut, OpenShot au Kdenlive, ingiza picha, zipange kwenye mstari wa wakati, kila moja ipe sekunde tano, weka muziki, toa faili ya MP4: huo ni utungo wa picha.

Jambo moja tu niongeze kwa walioniambia kwamba neno langu ni la kishairi mno kwa kompyuta. Katika video ya fremu 25 kwa sekunde, picha moja ya sekunde tano hurudiwa mara 125, fremu nyuma ya fremu. Picha sitini hufanya fremu 7,500 zilizofuatana kwa dakika tano. Sijui jina jingine la vitu 7,500 vilivyopitishwa uzi mmoja.

Mwongozo umechapwa na maneno yao. Ninyi wenye studio, mnaoandika bango la mlangoni kwa mkono wenu wenyewe, hamhitaji kibali cha kikao: andikeni "Tunatengeneza tungo za picha".