Daraja Lililovunjika

Huku kwetu Sepuka mawe hayana shida. Yamejaa kila upande, mengine makubwa kuliko nyumba. Shida yetu ni kuvuka korongo wakati wa masika. Ndiyo maana habari za daraja moja la kale la Ethiopia ziliponifikia sikuweza kuzisahau.

Daraja hilo lilijengwa juu ya Mto Abbai, yaani Nile ya Buluu, yapata mwaka 1660, katika enzi ya Mfalme Fasilides aliyetawala kutoka Gondar. Mafundi wake hawakuwa na saruji wala nondo. Walikuwa na mawe, chokaa na akili. Kwanza hutengenezwa kiunzi cha miti chenye umbo la upinde, kisha mawe hupangwa juu yake kutoka pande zote mbili mpaka yakutane katikati. Jiwe la mwisho likishapachikwa, kiunzi huondolewa. Hapo kila jiwe hutaka kuanguka, lakini jirani yake humzuia. Na kadiri mzigo unavyozidi, ndivyo yanavyozidi kubanana. Tao husimama kwa kuegemeana.

Daraja hilo lilidumu karne nyingi. Kisha Waitalia walipoivamia Ethiopia mwaka 1935, vita vikaenea, na katika vita hivyo wazalendo walivunja tao la kati ili adui asivuke. Adui aliondoka mwaka 1941, lakini pengo likabaki. Watu wakaliita Sebara Dildi, maana yake daraja lililovunjika.

Je, wanakijiji walikaa wakangoja serikali? La. Wanaume walisimama ng'ambo zote mbili wakishika kamba, na mwenye safari akajifunga kiunoni akavutwa juu ya maji. Walifanya hivyo kwa takriban miaka sitini. Mwaka 2002 pengo likazibwa kwa msaada wa wageni. Mwaka 2005 mafuriko yakauchukua ukarabati huo. Na mwaka 2009 likajengwa daraja la kamba za chuma, juu zaidi ya maji.

Nami nina deni la kuungama. Nilipokuwa mwalimu mkuu niliwachapa watoto wa ng'ambo ya korongo kwa kuchelewa shule. Asubuhi moja ya masika nilikwenda kujionea. Niliwakuta wameshikana mikono, wakubwa upande maji yanakotoka, wadogo katikati, wakivuka hatua kwa hatua. Hakuna aliyemwachia mwenzake ili awahi kengele yangu.

Fimbo ya kuchelewa niliiweka chini siku ile. Miaka mingi baadaye, niliposoma habari za wale Wahabeshi na kamba zao, niliwakumbuka watoto wale. Tao lilikuwapo mbele ya macho yangu, nami nilikuwa nikiliadhibu.