Kibodi ya kelele ilitoka wapi?

Kabla utume doo juu ya taa za rangi rangi, skiza hii stori kwanza.

Mwaka 1985 IBM ilitoa kibodi inaitwa Model M. Chini ya kila kitufe kuna springi ndogo. Ukibonyeza, inajikunja ghafla, inalia "tak!", na kidole kinajua herufi imeingia hata kabla uangalie skrini. Nzito kama tofali, lakini zingine za enzi hizo bado zinapiga kazi.

Halafu kompyuta zikashuka bei, makampuni yakabana matumizi, springi ikatolewa na raba ikawekwa. Ndiyo hiyo kibodi ya saiba, ukiibonyeza ni kama kufinya ugali.

Cherry, kampuni iliyozaliwa Marekani ikahamia Ujerumani, ilikuwa na swichi zake za MX tangu miaka ya 1980. Bluu inalia. Kahawia unasikia kagongo kadogo kwa kidole, bila ule mlio. Nyekundu inateleza tu hadi chini. Haki ya muundo huo ilipokwisha muda, viwanda vya China kama Gateron na Kailh vikajaza soko kwa bei nafuu.

Kwa hivyo anayekuambia nyekundu pekee ndiyo ya wachezaji gemu wa ukweli, mpuuze. Kama mnashare keja na unaandika saa nane usiku, bluu italeta vita. Na ukiweza, chukua ile swichi zake zinang'oka bila kuchomelea. Ukichoka na kahawia, unabadilisha swichi tu, kibodi inabaki.