Rangi na Historia katika Vilima vya Masisi

Wachoraji wa Marekani wa mkondo wa udhahania, waliovuma baada ya Vita Kuu ya Pili, waliiachia rangi kazi ambayo hapo awali ilikuwa ya umbo, yaani kueleza hisia. Mark Rothko, katika picha zake za mwisho za mwaka 1969 na 1970, alibakiza weusi juu na kijivu chini, bila mtu wala mti. Mtazamaji haulizi picha ni ya wapi, kwa sababu mahali hapapo.

Hali hubadilika rangi ya namna hiyo inapovikwa ardhi yenye wenyewe. Kuanzia mwaka 2010, Richard Mosse wa Ireland alipiga picha za vita vya Kivu kwa filamu ya Kodak iitwayo Aerochrome. Asili ya filamu hiyo ni ya kijeshi. Jani bichi hurudisha miale isiyoonekana kwa macho, nayo filamu huionyesha kwa wekundu. Kitambaa kilichopakwa rangi ya majani hakifanyi hivyo, na aliyejificha hufichuka. Katika kazi yake iliyoonyeshwa Venice mwaka 2013, vilima vya kijani vimegeuka waridi.

Kwa msemaji wa Kiswahili, mshtuko huo ni wa lugha pia. Vivumishi asilia vya rangi ni vitatu: -eupe, -eusi na -ekundu. Kijani hakimo, jina lake limetokana na jani lenyewe. Jani linaponyang'anywa rangi yake, jina hubaki bila mwenyewe.

Waridi huo humsimamisha mtazamaji wa mbali, lakini hausimulii. Mbele ya filamu, malisho ya Masisi na msitu wa Walikale ni kitu kimoja: majani mabichi. Historia ndiyo inayovitenganisha. Sehemu kubwa ya malisho hayo ilikuwa msitu. Kati ya mwaka 1937 na 1955, serikali ya Wabelgiji ilihamishia Masisi familia nyingi kutoka Rwanda, na mashamba ya walowezi yakapata vibarua. Mgogoro wa ardhi na uraia uliofuata ulilipuka Machi 1993 katika soko la Ntoto, Walikale, kisha mauaji yakaenea Masisi.

Rothko aliweza kuiacha rangi iseme peke yake, kwa kuwa turubai yake haikuwa shamba la mtu. Picha ya Masisi haina uhuru huo. Pembeni mwake sharti pawe na maneno yanayotaja nani alilima, nani alihamishwa, na nani amezikwa chini ya majani hayo.