Mafundi Viraka wa Angani

Wenzangu wa kalamu, leo naomba tuongee habari za kauboi. Si yule wa vumbi na farasi peke yake, bali kauboi aliyepakiwa kwenye chombo cha anga, bastola kiunoni na ng'ombe wamejaa kwenye shehena, akaambiwa haya, nenda katafute riziki huko kwenye nyota. Najua wapo watakaocheka. Kauboi na anga wapi na wapi? Lakini ngojeni kwanza. Kilichonivuta mimi hasa ni watazamaji wake, ambao walifanya kazi ambayo sisi tunaojifunza kuandika hatuna budi kuitazama kwa makini, kwa uzuri wake na kwa hatari yake.

Kuchanganya kauboi na anga ni jambo la zamani huko Marekani. Gene Roddenberry alipokuwa anaiuza Star Trek kwa wenye televisheni miaka ya 1960, aliwaeleza kuwa ni kama Wagon Train, ule mfululizo wa misafara ya mikokoteni uliopendwa sana tangu 1957, ila huu utapita kwenye nyota. Star Trek ikaanza kuonyeshwa 1966. Ninayotaka kuisimulia mimi ilikuja miaka 36 baadaye, na jina lake ni Firefly.

Firefly ilitungwa na Joss Whedon, na kituo cha Fox kilianza kuirusha Ijumaa ya tarehe 20 Septemba 2002. Kisa chenyewe kiko mwaka 2517. Dunia yetu imechakaa, watu wamehamia sayari nyingine. Kuna serikali kubwa na tajiri iitwayo Alliance, na kuna watu wa pembezoni waliopigana nayo wakashindwa. Stelingi ni Malcolm Reynolds, Mal kwa kifupi, sajini wa upande ulioshindwa, ambaye sasa anaendesha chombo kikuukuu, anabeba mizigo halali na ya magendo, ili mradi mkono uende kinywani. Chombo amekiita Serenity, jina la bonde walikopigwa vibaya. Ndani wamo watu tisa, wanaongea Kiingereza cha kishamba, na wakikasirika wanatukana kwa Kichina.

Sasa hapa ndipo mambo yalipoharibika, na ndipo historia yangu inapoanza. Whedon alikuwa ametengeneza sehemu ya kwanza ya saa mbili, inayoonyesha jinsi watu hawa walivyokutana. Fox hawakuipenda kama ufunguzi. Basi Whedon na mwenzake Tim Minear wakaandika nyingine, "The Train Job", kwa siku mbili za mwisho wa juma, na hiyo ndiyo iliyotangulia hewani. Zilizofuata nazo zikarushwa shaghalabaghala. "Shindig" ambayo watunzi waliipanga iwe ya nne ilitokea ya sita. "Out of Gas", iliyokusudiwa kuwa ya nane, ikaja ya tano. Zilitengenezwa sehemu 14, zikaonyeshwa 11 tu, tatu zikabaki kabatini, na mfululizo ukafutwa. Na ile ya ufunguzi? Ilirushwa tarehe 20 Desemba 2002, ya mwisho kabisa!

Hebu jiweke mahali pa mtazamaji wa Marekani wakati ule. Miezi mitatu umekaa na watu hawa, umewazoea kama majirani, halafu usiku mmoja unawaona wanapeana mikono kwa mara ya kwanza na kuulizana majina. Mlanguzi Badger uliyemwona katika "Shindig" akizungumza na Mal kama mtu mwenye kisa naye cha zamani, kumbe kisa chenyewe ndicho unachoonyeshwa leo. Mtu mwingine angezima televisheni akalala. Mashabiki hawa walichukua kalamu na karatasi.

Walianza kupanga. Nani anamjua nani? Jeraha hili lilipatikana wapi? Mbona katika "The Train Job" watu wanajieleza upya wakati tayari wanaishi pamoja? Swali hilo la mwisho lilikuwa na jibu nje ya hadithi: wanajieleza kwa sababu kituo kilidai mlango mpya wa kuingilia. Ndugu zangu, hiyo ni kazi ya mwanahistoria hasa. Mwanahistoria naye hupewa barua zilizochanganyika, nyingine zimeliwa na mchwa, akaambiwa atueleze kilianza nini na kilifuata nini. Diski za DVD zilipotoka Desemba 2003 zikiwa na sehemu zote 14 katika mpangilio wa watunzi, watu wengi waliona kwa mara ya kwanza nguo nzima, siyo vipande.

Mchezo huu una babu yake. Mwaka 1911, pale Oxford, kijana mmoja aitwaye Ronald Knox alisoma makala akimchambua Sherlock Holmes kama wataalamu wa dini wanavyovichambua vitabu vitakatifu. Alifanya kwa utani, lakini utani ule ukazaa ukoo. Watu wakaanza kubishana juu ya jeraha la Dakta Watson, kwa mfano: katika kitabu cha 1887 risasi ilimpiga begani, katika kile cha 1890 ikawa mguuni. Sote tunajua kwamba mtunzi, Arthur Conan Doyle, alisahau tu. Lakini sheria ya mchezo inakataza kusema "alisahau". Ni lazima utafute namna ambayo yote mawili yatakuwa kweli, hata kama itakubidi kumpiga Watson risasi mbili.

Mashabiki wa Firefly waliurithi mchezo huo, na nikiwatazama naona walikuwa wakishona viraka vya aina tatu. Naomba tuvitenganishe, maana hapa ndipo penye somo.

Kiraka cha kwanza hufuata uzi ambao fundi mwenyewe aliuacha. Kuna kampuni ndani ya hadithi inaitwa Blue Sun, nembo yake imetapakaa kwenye makopo ya chakula na kwenye fulana. Hakuna mhusika anayeisimamia na kuieleza. Lakini tazama. Katika "Shindig" binti River, ambaye serikali ilimchezea ubongo, anachachamaa jikoni na kuchana nembo za makopo hayo. Katika "Ariel" anamkata Jayne kwa kisu kifuani, na fulana aliyovaa Jayne ina nembo ile ile. Na wale wanaomsaka River ni watu waliovaa glavu za buluu. Ukiyaweka pamoja unapata tuhuma: kampuni hiyo inahusika na mateso yake. Mfululizo ulikatwa kabla ya kulijibu jambo hilo, lakini vidokezo vilipandwa na mkono wa mtu. Hapa shabiki hakubuni, alisoma tu vizuri.

Kiraka cha pili huziba tundu la bahati mbaya. Katika maneno ya utangulizi Mal anasema watu walihamia galaksi nzima mpya ya dunia. Galaksi, bwana! Galaksi ina mabilioni ya nyota, na nyota iliyo jirani kabisa na Jua letu iko umbali wa zaidi ya miaka minne ya mwendo wa mwanga. Serenity haina mitambo ya kuupita mwanga, na bado inafika kwa siku au majuma. Haiwezekani. Jibu la kishabiki likawa tamu: Mal ni mtoto wa wafugaji wa sayari ya Shadow, alisomea ng'ombe, hakusomea nyota, kwa hiyo anayechanganya maneno ni yeye wala si mtunzi. Filamu ya Serenity ya 2005 ikaja kuthibitisha kuwa ni mfumo mmoja, wenye makumi ya sayari na mamia ya miezi. Hata hivyo sayari zote hizo zitapataje joto la kutosha kutoka jua moja? Ndipo ikachorwa ramani rasmi yenye majua matano yanayoshikana. Na si ndoto tupu, kwani nyota tunayoiita Castor, tukiiona kama nukta moja kwa macho, kwa kweli ni nyota sita zinazozungukana. Neno moja lililoteleza ulimini likazaa elimu ya anga.

Viraka hivi viwili navipenda. Cha tatu ndicho kinachonikosesha raha, kwa sababu kinaziba tundu ambalo lingefaa kuachwa wazi tuchungulie.

Chukua Kichina. Ndani ya hadithi tunaambiwa kwamba Marekani na China ndizo zilizoongoza safari ya kuhama, ndiyo maana kila mtu anatukana Kichina na mabango yana herufi za Kichina. Daktari Simon na dada yake River wanaitwa Tam. Lakini katika wahusika wakuu tisa hakuna hata mmoja aliyechezwa na mwigizaji mwenye asili ya China. Kiraka kipo tayari: eti karne tano zimepita, watu wameoana, sura zimebadilika, majina yamebaki. Mantiki haina kasoro. Ila swali halikuwa juu ya mwaka 2517, lilikuwa juu ya nani aliitwa kwenye usaili wa waigizaji mwaka 2002.

Chukua na vita yenyewe. Whedon amesema wazi kuwa wazo la Firefly lilimjia baada ya kusoma The Killer Angels, riwaya ya Michael Shaara ya 1974 kuhusu mapigano ya Gettysburg ya Julai 1863. Kwa hiyo askari wa Mal, Makoti ya Kahawia, wamekatwa kwa kipimo cha watu wa Kusini walioshindwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Sinema za kauboi zimejaa watu wa namna hiyo: askari wa Kusini aliyeshindwa, anatangatanga magharibi na heshima yake, hataki serikali imwingilie. Ethan wa The Searchers, 1956, ni mmoja wao. Josey Wales wa 1976 ni mwingine.

Mashabiki, ambao nao walijiita Makoti ya Kahawia, hujibu hapa kwa ushahidi kutoka ndani. Zoe, mwanamke mweusi, alipigana bega kwa bega na Mal. "Shindig" inafunguka kwa Mal kumwibia na kumzodoa mfanyabiashara wa watumwa. Basi upande wa Mal haukupigania utumwa. Ni kweli, ndani ya hadithi haukupigania. Lakini watu wa Kusini wa kweli waliupigania. Jimbo la Mississippi lilipojitenga Januari 1861 liliandika bila kuficha kuwa msimamo wake umefungamana na utumwa, na wakati huo watu karibu milioni 4 walikuwa watumwa Marekani. Ukiiondoa sababu hiyo, ukabakiza uchungu wa kushindwa, wimbo na koti, unapata stelingi wa kupendeza sana. Na kadiri mantiki ya ndani inavyozidi kushikana ndivyo inavyokuwa vigumu kuona kilichotolewa. Simwambii mtu asiipende Firefly. Mimi naipenda. Nasema tu kwamba kuna maswali mawili, "haya yanashikanaje?" na "haya yalitoka wapi?", na jibu la la kwanza halijibu la pili.

Tena Whedon mwenyewe ametuonyesha kwamba kiraka kinaweza kufumuliwa. Katika mfululizo kuna viumbe wa kutisha waitwao Reavers, wanaovamia, kubaka na kula watu. Tunaambiwa ni binadamu waliofika ukingoni mwa anga wakarukwa na akili. Aliyewahi kutazama kauboi wa zamani anawatambua mara moja: ni wale "washenzi" wa mpakani, Wahindi Wekundu wa sinema, waliowekwa pale ili wazungu wawe na wa kumwogopa. Filamu ya 2005 ikageuza meza. Kumbe serikali ilitia dawa hewani kwenye sayari ya Miranda ili watu watulie. Watu milioni 30 walitulia mpaka wakaacha kula, wakafa walipokaa. Sehemu ndogo mno, kama mmoja katika kila elfu, dawa iliwageuka wakawa Reavers. Fanya hesabu, ni kama elfu thelathini. Washenzi wa mpakani walitengenezwa na wastaarabu wa kati. Jibu hilo linashona matukio yote ya nyuma, na papo hapo linamuumbua aliyesimulia habari za Reavers mwanzoni.

Ninyi mnaoandika hadithi fupi usiku na kuzificha chini ya godoro, mtaacha matundu. Hakuna anayeandika bila tundu. Msomaji akikupenda atakushonea, tena kwa nyuzi nzuri kuliko zako, na utajisikia fahari kusikia mantiki ambayo hukuiweka. Pokea, ushukuru. Lakini siku hiyo hiyo rudi kwenye mswada wako ujiulize kuhusu mtu uliyemwacha nje: alitoka kwa sababu kisa hakikumhitaji, au kwa sababu angekiharibu? Nasi tukiwa wasomaji tujiulize vilevile, hata kwa vitabu tunavyovipenda kama roho zetu. Swali hilo mashabiki hawawezi kukujibia. Haya, kazi kwenu.