Sikio linapopiga kama moyo: namna ya kuieleza dalili, kutoka Rubondo hadi Mbarara

Mtu anayesikia ndani ya sikio lake mdundo unaokwenda sambamba na mapigo ya moyo ana dalili iliyo tofauti na mvumo wa kawaida wa masikio. Mvumo wa kawaida mara nyingi hauna chanzo kinachoweza kuonekana, lakini mdundo wa namna hii huwa nacho katika visa vingi, na baadhi ya vyanzo hivyo vinatibika. Kwa wasemaji wa Kiswahili katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, kusini-magharibi mwa Uganda, kazi ya kwanza ni kuieleza dalili hiyo kwa maneno ambayo tabibu hatayaelewa vibaya.

Tatizo linaloanzia kwenye lugha

Nakivale, iliyoko wilaya ya Isingiro, ni miongoni mwa makazi makongwe ya wakimbizi barani Afrika; historia yake inaanzia mwishoni mwa miaka ya 1950. Rubondo ni mojawapo ya kanda zake kuu, pamoja na Juru na Base Camp. Wakazi wengi waliotoka Kongo, na baadhi ya waliotoka Burundi, hutumia Kiswahili. Lugha ya wenyeji wa eneo hilo ni Kinyankole, na rekodi za hospitali huandikwa kwa Kiingereza. Kwa hiyo malalamiko ya mgonjwa huweza kupita katika lugha mbili au tatu kabla ya kufika kwenye karatasi.

Hapo ndipo hatari inapoingia. Mgonjwa akisema tu "nasikia sauti," mkalimani anaweza kufikisha maana ya mtu anayesemeshwa na watu wasioonekana, na mgonjwa akaanza kuchunguzwa maradhi ya akili. Akisema "sikio linaniuma," atatazamwa kama mwenye uambukizo na kupewa dawa ya kudondoshea. Maelezo yaliyo wazi yanaweza kuwa hivi: "Sikio langu la kushoto linapiga kama moyo. Si maneno, ni mdundo. Ulianza wiki tatu zilizopita na huzidi usiku ninapolala."

Kwa nini mtu husikia damu yake

Koklea, kiungo kidogo cha kusikia, imo ndani ya mfupa wa fuvu, karibu sana na mishipa mikubwa inayopeleka damu kwenye ubongo na kuirudisha. Kwa kawaida ubongo hauijali sauti ya damu hiyo. Mtu huanza kuisikia kwa sababu moja kati ya mbili: ama mtiririko wa damu umekuwa na kishindo kuliko kawaida, ama sikio limezibwa lisipate sauti za nje, na zile za ndani zikajitokeza.

Sababu za kundi la pili ndizo nyepesi kuziona. Nta iliyojaa sikioni, au majimaji yaliyobaki nyuma ya ngoma ya sikio baada ya mafua, hutosha kuleta mdundo.

Katika kundi la kwanza, upungufu wa damu una nafasi yake. Damu inapopungua, moyo husukuma kwa nguvu na kasi zaidi. Malaria, minyoo ya safura, lishe duni na ujauzito vyote vinaweza kuleta hali hiyo. Wengine huwa na presha, ambayo wasemaji wengi kutoka Kongo huiita tansio, au tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi. Kwa watu wa makamo na wazee, mishipa ya shingo inaweza kuwa imesinyaa kwa mafuta yaliyoganda ndani yake.

Zipo pia sababu zisizo za kawaida lakini nzito. Mojawapo ni kupanda kwa shinikizo la majimaji yanayouzunguka ubongo, hali inayowapata zaidi wanawake vijana walioongezeka uzito. Hiyo huambatana na maumivu ya kichwa na kufifia kwa macho kwa sekunde chache, na isipotibiwa inaweza kuharibu uwezo wa kuona. Nyingine ni ateri kuungana na vena isivyopasa katika utando wa ubongo, au uvimbe mdogo wenye damu nyingi nyuma ya ngoma ya sikio.

Kipimo cha dakika moja

Kabla ya kwenda kituoni, mgonjwa anaweza kujipima mwenyewe. Aketi mahali patulivu, aweke vidole viwili kwenye kifundo cha mkono hadi ausikie mshipa ukipiga, kisha asikilize sikio lake kwa dakika moja.

Mdundo ukilingana na mshipa, chanzo kinatafutwa katika mtiririko wa damu au katika kuziba kwa sikio. Ukiwa ni mgongo au mpapatiko wa haraka usiolingana na mshipa, huenda ni misuli midogo ya sikio au ya kaakaa inayojikaza yenyewe. Ukiwa ni mlio usiokatika, kama wa nyenje, huo ni mvumo wa kawaida, ambao huweza kuletwa na umri, kelele za muda mrefu, au dawa kama kwinini, aspirini nyingi na sindano za gentamaisini. Dawa yoyote iliyotumika karibuni itajwe kwa tabibu, na isiachwe bila ushauri wake.

Njia ya matibabu

Katika mfumo wa afya wa Uganda, kituo cha ngazi ya tatu husimamiwa na tabibu na huwa na maabara, na kile cha ngazi ya nne huwa na daktari. Mengi yanaweza kufanyika katika ngazi hizo: kutazama ndani ya sikio, kupima presha, kupima wingi wa damu, na kuweka stetoskopu nyuma ya sikio na shingoni. Wakati mwingine tabibu naye huusikia mdundo, na hilo ni jambo kubwa la kuandikwa katika barua ya rufaa.

Sababu isipopatikana, rufaa huelekea Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mbarara, ambayo pia hufundishia madaktari wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, kilichoanzishwa mwaka 1989. Hospitali ya taifa ya rufaa ni Mulago, Kampala. Mgonjwa anaweza kuomba mambo mawili: kutazamwa nyuma ya macho, ambako shinikizo la ubongo huacha alama, na kupigwa picha za mishipa ya kichwa na shingo kwa CT au MRI. Mdundo ulio upande mmoja tu haupaswi kufungwa kwa jibu la "ni mawazo" kabla ya uchunguzi huo.

Dalili zisizongoja miadi ni hizi: mdundo ulioanza ghafla baada ya kuumia kichwa, kulegea upande mmoja wa mwili au ulimi kuwa mzito, kichwa kuuma vikali kwa ghafla, kupoteza kuona. Mjamzito mwenye mdundo pamoja na maumivu ya kichwa, ukungu machoni au kuvimba uso na mikono aende kituoni siku hiyohiyo.

Vipimo visipoonyesha kitu

Wapo ambao, baada ya safari zote, huambiwa kuwa hakuna kilichoonekana. Jibu hilo halimaanishi kwamba mgonjwa anabuni. Linamaanisha kwamba magonjwa ya hatari yaliyotafutwa hayakuonekana, na hilo ni faraja yenye thamani. Dalili zikibadilika, arudi kupimwa.

Usiku ndio mgumu zaidi, kwa kuwa ukimya huupa mdundo nafasi. Redio iliyowashwa kwa sauti ya chini husaidia, na kadhalika kuinua kichwa kwa mto wa pili, au kuligeukia godoro kwa upande mwingine. Kupunguza chumvi na kunywa dawa za presha bila kuruka kunawafaa wenye tatizo hilo. Usingizi ukipotea kwa wiki nyingi na moyo ukajaa hofu, ushauri nasaha ni sehemu halali ya matibabu.

Jambo la kuepuka ni kutia sikioni mafuta ya taa, maji ya majani au kijiti. Mdundo unaotoka kwenye mshipa haufikiwi na kitu kinachotiwa sikioni, na ngoma ya sikio ikitoboka, mgonjwa hujiongezea ugonjwa wa pili.

Makala haya yanatoa maelezo ya jumla na hayachukui nafasi ya ushauri wa daktari.