Nani Amesikilizwa? Duara, Baraza na Ushahidi wa Kusikilizana

Katika vikundi vingi vya kuweka na kukopa, kumbukumbu huhesabiwa kabla ya fedha. Wanachama ishirini na kitu wamekaa duara kwa kufuata namba zao. Sanduku lenye kufuli tatu liko katikati, na funguo wanazo watu watatu tofauti. Mwenyekiti anamgeukia mwanachama namba 7: mfuko wa jamii tuliufunga na shilingi ngapi kikao kilichopita? Mama anafikiri, anataja. Akikosea, jirani yake anamsahihisha, na kicheko kinapita. Ndipo kufuli zinafunguliwa, noti zinahesabiwa mbele ya macho yote, na jumla mpya inatajwa kwa sauti ili kila mtu aondoke nayo kichwani.

Utaratibu huu ulianza Maradi, nchini Niger, mwaka 1991 chini ya shirika la CARE, kisha ukaenea Afrika Mashariki na kwingineko. Ulibuniwa kwa kuwajali wanawake wasiojua kuandika. Hata hivyo umebeba jambo ambalo wapenzi wa mazungumzo ya duara, na mimi nimo, hulisahau mara kwa mara: hapa mtu hasifiwi kwa kukaa kimya akiitikia kwa kichwa. Anaulizwa alichosikia.

Siku hizi mijadala ya duara na kile kinachoitwa usikivu wa kina vinapendekezwa kila mahali, kuanzia kamati za shule na usharika hadi semina za mashirika na usuluhishi wa ardhi. Viti vinapangwa mviringo, kijiti cha zamu kinapitishwa mkono kwa mkono, na aliyekishika ndiye pekee mwenye haki ya kusema. Siupingi utaratibu huo. Ninachodai ni kwamba duara halina thamani yoyote katika kufanya maamuzi mpaka usikilizaji wake uweze kuthibitishwa, na kwamba anayepaswa kutoa uthibitisho huo kwanza ni mwenye nguvu.

Tuanze na lugha, maana imetutegea mtego. Kusikia hakuna juhudi. Jogoo akiwika umesikia. Kusikiliza kuna kusudi. Kusikilizana kuna maana mbili kwa pamoja: watu wanapeana nafasi ya kusema, na watu wanapatana. Tukisema mume na mke wale hawasikilizani, hatuna maana kwamba masikio yao yana hitilafu. Kwa hiyo neno lenyewe linatushawishi tuamini kuwa waliosikilizana vyema ni lazima watakuwa wamekubaliana, na kwamba anayeendelea kupinga basi hakusikiliza. Kuna jingine gumu zaidi. Mtoto msikivu, kwa Kiswahili cha nyumbani, ni mtoto anayetii. Usikivu tangu zamani umekuwa wajibu wa mdogo kwa mkubwa, wa mke kwa mume, wa raia kwa bwana shauri. Mwezeshaji anayesimama mbele ya wanakijiji na kuwataka wawe na usikivu wa kina huenda hajui kwamba amewaomba kile kile walichoombwa na kila mtawala aliyepita pale.

Historia ya neno baraza inaonyesha mkondo huo. Baraza ni benchi la mawe na chokaa lililojengwa nje ya nyumba ya mwambao, mahali pa kahawa, habari na ubishi. Kwa umbo, baraza si duara. Mara nyingi watu hukaa safu wakitazama njia, na bado mazungumzo yanazunguka, jambo linalotosha kumtilia shaka anayedhani siri iko kwenye mpangilio wa viti. Ni kweli pia kwamba waliokaa pale walikuwa wanaume, na waliokuwa ndani walisikia kupitia dirishani. Kisha neno likapanda vyeo. Likawa jina la mkutano wa mkuu wa wilaya wa enzi ya Mwingereza, kisha baraza la chifu, ambapo mmoja anasimama na kutangaza huku mamia wakiwa wameketi majanini. Leo ni Baraza la Mawaziri. Neno shauri nalo lilipita njia hiyo hiyo. Wajerumani walilichukua na kuliita “Schauri” kikao ambacho ofisa wao alisikiliza kesi za wenyeji na kutoa hukumu, kana kwamba kushauriana na kuhukumiwa ni kitu kimoja.

Wanafikra wetu waliitazama mila ya kukaa na kushauriana kwa jicho la upendo. Mwaka 1963, akitetea mfumo wa chama kimoja, Mwalimu Nyerere alikumbusha picha ya wazee wanaokaa chini ya mti mkubwa na kuzungumza mpaka wakubaliane, picha aliyoichukua kwa mwandishi Guy Clutton-Brock. Picha hiyo ni nzuri na ina kweli ndani yake. Lakini tuulize kilichokuwa nje ya kivuli cha ule mti. Vijana walikuwa wapi? Wanawake? Wale ambao baba zao walikuja kijijini kuomba ardhi? Miaka kumi baadaye, kati ya 1973 na 1976, chini ya serikali yake, mamilioni ya Watanzania walihamishiwa katika vijiji vipya, wengi wao kwa nguvu. Sidhani kwamba Nyerere alisahau mti wake. Nadhani aliamini kwamba mazungumzo yalikwisha kufanyika, kwa sababu chama kilikuwa kimezungumza na chama kilikuwa ndicho watu. Huo ndio uzito wa makubaliano yasiyo na ushahidi wa kusikilizwa: humpa mtawala dhamiri safi.

Mwanafalsafa wa Ghana, Kwasi Wiredu, alilijua tatizo hilo alipotetea siasa ya maafikiano miaka ya 1990. Kwake, kuafikiana hakumaanishi kwamba wote wameamini jambo moja. Kunatosha kwamba wamekubali nini kitendeke, huku kila mmoja akibaki na maoni yake. Emmanuel Eze alimjibu mwaka 1997 akisema, kwa ufupi, kwamba masilahi ya watu hugongana kwelikweli na hayayeyuki kwa maneno. Naona Eze ana haki katika utambuzi wa ugonjwa, na Wiredu ana haki katika dawa, mradi dawa hiyo iandikiwe kipimo. Nitamtaja pia Ernest Wamba dia Wamba, Mkongo aliyefundisha historia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kuandika mwaka 1985 juu ya mjadala wa kijamii kama njia ya kutatua migongano ndani ya umma. Mwaka 1998 akawa kiongozi wa RCD, kundi la waasi nchini Kongo, na mwaka uliofuata kundi hilo likapasuka. Simsimangi marehemu, wala kisa chake hakiivunji nadharia yake. Kinanikumbusha tu kwamba hakuna mwanazuoni aliyewahi kuligeuza jeshi kuwa duara.

Mfano ninaourudia zaidi darasani ni wa Wajir, kaskazini mashariki mwa Kenya. Mwaka 1992, katika ukame mkali, mapigano ya koo za Waajuran, Wadegodia na Waogaden yalikuwa yameua watu wengi na kuingia hadi sokoni: mama wa ukoo huu hakuruhusiwa kumuuzia wa ukoo ule. Wanawake waliokutana harusini, miongoni mwao Dekha Ibrahim Abdi, walianza kuulizana wanaweza kufanya nini. Hawakuitisha mkutano mkuu. Walianza na vikao vidogo, wakawakusanya wanawake wa koo mbalimbali, na jambo la kwanza waliloamua lilikuwa dogo na la kuonekana kwa macho: soko liwe huru kwa kila mwanamke. Wakaunda kamati ya kulifuatilia. Ukimzuia mtu kununua maziwa asubuhi, habari ilifika kamatini siku hiyo hiyo.

Baadaye tu ndipo walipowaendea wazee. Hata hapo hawakuanza na vigogo wa koo zinazopigana. Walianza na wazee wa koo ndogo, zisizo na upande katika vita, wakawaomba wao ndio waziite koo kubwa mezani. Mwaka 1993 wazee wakatoa Azimio la Al-Fatah, na mwaka 1995 kamati ya amani ikaingizwa rasmi katika mfumo wa maendeleo wa wilaya. Dekha alipata tuzo ya Right Livelihood mwaka 2007 na akafariki mwaka 2011.

Masimulizi ya Wajir mara nyingi hutiwa sukari, yakawa hadithi ya akina mama walioleta amani kwa upole. Mimi ninachokiona ni ufundi. Kikao cha wazee peke yao kilikuwepo tangu zamani na hakikuzuia damu, kwa kuwa waliojua hali ya sokoni hawakuwemo. Aliyeitisha kikao hakuwa na bunduki wala mifugo mingi ya kulinda, kwa hiyo kuitikia mwito wake hakukuwa kushindwa. Na kila neno lililokubaliwa lilikuwa na mahali pa kulikagua kesho yake. Soko lilifanya kazi ile ile inayofanywa na swali la mwenyekiti kwa mwanachama namba 7.

Kwa upande mwingine wa dunia, mwaka huo huo wa 1992, Jaji Barry Stuart wa Yukon, Kanada, alibadilisha mpangilio wa mahakama katika mji mdogo wa Mayo. Mshtakiwa, familia yake, polisi, mawakili na wanajamii wakakaa duara kujadili adhabu, kwa kufuata desturi za Wenyeji wa Asili wa eneo lile. Katika uamuzi wake alieleza jinsi ukumbi wa kawaida unavyowapa jaji na mawakili ukuu juu ya wengine. Ninalipenda jaribio hilo kwa sababu moja hasa: jaji alishuka. Hakuwaomba wengine wamsikilize vizuri zaidi.

Je, kipimo chenyewe kiwe kipi? Mwanasaikolojia Carl Rogers alitoa kimoja mwaka 1952, nacho ni chepesi kueleza na kigumu kutenda: katika ubishi, usitoe hoja yako kabla hujarudia hoja ya mwenzako mpaka yeye mwenyewe akiri kwamba ndivyo alivyosema. Jaribu mara moja na utaona jinsi tulivyo wavivu. Nimewaona maprofesa wakishindwa mara tatu mfululizo kurudia sentensi mbili za mwanafunzi.

Kipimo cha pili kimo katika desturi ya Marafiki, dhehebu la Kikristo lililozaliwa Uingereza katika karne ya 17 na kufika Kaimosi, magharibi mwa Kenya, mwaka 1902. Mikutano yao ya shughuli kwa desturi haipigi kura. Karani husikiliza, huandika muhtasari wa alichoona ndio mwelekeo wa kikao, kisha huusoma papo hapo. Asiyejiona ndani yake husema, na karani huandika upya. Muhtasari hauletwi baada ya wiki tatu ukiwa umesafishwa ofisini.

Linganisha na mikutano yetu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 nchini Tanzania inaizuia halmashauri ya kijiji kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji, na baraza la ardhi la kijiji linapaswa kuwa na wajumbe 7, kati yao wanawake 3. Ni sheria yenye hekima. Lakini aliyewahi kuhudhuria anaijua picha: meza kuu ina kitambaa na maji ya chupa, wageni wamekalia viti vya plastiki, akina mama wako kwenye khanga zao pembeni. Ofisa anasoma mapendekezo kwa Kiswahili cha ofisini. “Wanaokubali wanyooshe mikono!” Mikono inanyooka, makofi yanafuata, daftari la mahudhurio linapitishwa kutiwa sahihi na dole gumba. Baadaye daftari hilo ndilo linaloonyeshwa kuwa wananchi walishirikishwa. Limethibitisha kwamba walikuwepo. Hoja ya mama aliyenong'ona kuhusu njia ya kisimani haimo.

Kuwapanga watu hao duara tu hakutawasaidia. Pengine kutawadhuru, kwa kuwa katika duara hakuna pa kujificha, na mpangaji mwenye deni kwa mwenyekiti atakabidhiwa kijiti akiwa ametazamana naye uso kwa uso. Mkononi mwa mnyonge kijiti ni kitu cha moto. Ndiyo maana nasisitiza utaratibu uanzie juu: mkubwa aseme mwisho, na kabla ya kusema arudie hoja iliyompinga. Pingamizi liandikwe pamoja na sababu zake, hata kama uamuzi umekwenda upande mwingine. Na wasioweza kusema mbele ya wakubwa wawe na vikao vyao kwanza, kama ilivyokuwa Wajir.

Wapo watakaosema muda hautoshi. Kuna maamuzi ambayo kweli hayangoji: nyumba ikiungua hakuna anayetafuta kijiti. Lakini ardhi ya kijiji, mgawanyo wa maji, urithi wa ukoo na mtaala wa idara si moto. Kwa mambo hayo, muda unaookolewa kwenye mkutano hulipwa mahakamani, na mara nyingine hulipwa kwa panga.

Mimi na wanazuoni wenzangu hatuna haki ya kuwafundisha wanakijiji haya kabla hatujayafanya wenyewe. Vikao vyetu vya idara vina ajenda kumi na mbili, mkuu anafungua kwa maneno ya nusu saa, na wahadhiri wasaidizi huondoka bila kutamka neno. Kikao kijacho ni zamu yangu kuongoza. Nimepunguza ajenda zikabaki mbili, nimeomba meza kuu iondolewe, na mhadhiri aliyeajiriwa mwisho ndiye atakayeanza kusema.